Makaburi Tuliyochagua Kwenda Kuyaona

Kwetu mtu hatangazi safari. Unaaga ukiwa umeshafika. Ndugu wanaona picha yako umesimama mbele ya jengo lisilojulikana, chini umeandika "Mungu ni mwema", na hapo ndipo wanagundua kwamba ile wiki nzima uliyosema una mafua hukuwepo hata nchini. Wengine wanaogopa husuda, wengine wanakwepa maagizo ya viatu, wengine wanawaza viza ikikataliwa sura wataiweka wapi. Mimi niliyesoma chuo kikuu, na kuandika makala mbili tatu za kuicheka tabia hii, nilipopata safari yangu ya kwanza ya kwenda kutembea nje niliificha kama mtu aliyeiba ng'ombe.

Safari yenyewe ilikuwa ya India. Mimi na mke wangu tulikuwa tunatimiza jubilei ya fedha ya ndoa yetu, na badala ya kamati, ukumbi na keki ya ghorofa, tukaamua kusafiri. Nchi aliichagua yeye. Utotoni, dukani kwa baba yake, palikuwa na kalenda yenye picha ya Taj Mahal. Mwaka wa kalenda ulikwisha, ikaendelea kuning'inia miaka na miaka kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitoa.

"Mie nikishaiona ile, imetosha," aliniambia. "Nyingine chagua wewe. Si ndiyo kazi uliyosomea?"

Nilisomea historia, kwa hiyo nilijiona nimepewa haki yangu. Baada ya siku chache nikajiona nimepewa adhabu. Tulikuwa na wiki moja, na kila ukurasa niliofungua ulinionya nisikose kitu fulani. Ukikosa ngome hii ni kama hukufika. Ukikosa mnara ule, afadhali ungebaki nyumbani. Nikaanza kuogopa kurudi kwetu Tegeta nikiwa sijafika. Nilikuwa nikifundisha huku nafikiria mnara, nakula huku nafikiria ngome, na kila nilipoamua kuacha kimoja nilimwona mtu asiyejulikana akiniuliza, "Kumbe hata pale hukwenda?"

Mwishoni nilifanya kama wasomi wanavyofanya wakizidiwa: nilitafuta hoja. Nikaamua tufuate ukoo mmoja wa kifalme. Taj Mahal ni kaburi la malkia. Basi tuanzie Delhi, kwenye kaburi la babu wa baba yake yule mfalme aliyeijenga, halafu Agra, tuone na kaburi la babu wa malkia mwenyewe, ng'ambo ya mto. Niliona mpango una akili sana. Mke wangu alisikiliza, akasema, "Sawa, ila Taj usiiguse," akaendelea kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake.

Siri yetu ilidumu mpaka siku ya kupeleka pasipoti. Dada yangu mdogo, ambaye anaishi Chanika na hana shughuli yoyote mjini, siku hiyo alikuwa na shughuli mjini. Alinipigia jioni.

"Braza, shikamoo."

"Marahaba."

"Nani anaumwa, wewe au wifi?"

"Hakuna anayeumwa."

"Basi kwenye foleni ya viza ya India mlikuwa mnatafuta nini?"

Nikamwambia tunaenda kutembea.

"Kutembea India?"

Nilielewa kwa nini anauliza. Watu wa Dar wanakwenda Dubai na China kufuata mzigo, wanakwenda Makka au Yerusalemu kusali, na India wanakwenda kutibiwa. Mtu akisema fulani yuko India, anayesikia anauliza, "Figo au moyo?" Kwetu jambo hili lilikuwa zito zaidi, maana baba yetu alikwenda India na figo zake, akarudi kwenye jeneza. Ndiyo sababu nilitaka kumwambia mama tukishafika, nimtumie picha tunacheka. Mama ana presha. Nilijiambia kwamba namhurumia.

"Mama asijue kwanza," nilimwambia dada.

"Nimeshamwambia."

Jumamosi mama akaja kutoka Tabata bila kupiga simu, ameshika chupa ya chai iliyojaa supu ya kongoro. Alipokea shikamoo zetu, akakaa, akanimiminia supu, akanitazama nikinywa. Hakuwa anaangalia kama naifurahia. Alikuwa anaangalia shingo yangu.

"Umepungua," alisema.

Ni miaka kumi hakuna binadamu aliyeniambia hivyo. Siku nyingine ningeshukuru.

"Mama, mimi mzima. Tunaenda kutembea tu."

"Baba yenu naye alikwenda kutembea."

Sikuelewa. Akamgeukia mke wangu, kana kwamba yeye ndiye mwenye akili pale ndani.

"Mwanangu, baba yao alipoondoka, hawa walikuwa kwenye mitihani. Tukakubaliana, mimi na yeye, tuwaambie anaenda kutembea. Hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Sasa huyu anakuja kuniambia mimi."

Nilikumbuka. Nilikuwa kidato cha nne, na nilikuwa nimemwagiza baba saa.

Basi nikawa na kazi ya kumthibitishia mama yangu kwamba sifi, na silaha niliyokuwa nayo ni vivutio vyangu. Nikachukua simu, nikasogeza kiti, nikamwonyesha picha moja baada ya nyingine. Mgonjwa hawezi kuzunguka hivi, mama, tazama mwenyewe. Alivaa miwani. Ile ya Delhi aliikubali kwa kichwa.

"Nyumba nzuri. Anakaa nani?"

"Hakai mtu. Ni kaburi."

"Enhe. Na hii?"

"Hii iko Agra. Ni... hii nayo ni kaburi. La babu wa malkia."

"Na hii nyeupe?"

Nilimtazama mke wangu anisaidie. Alikuwa anaangalia dari.

"Hiyo ndiyo Taj Mahal, mama."

"Nimekuuliza ni nini."

"Kaburi."

Mama akavua miwani, akaifuta kwa kitenge polepole. Kwa muda wote niliotumia kupanga, na elimu yangu yote, sikuwa nimeona kwamba nampeleka mke wangu jubilei kwenye makaburi matupu.

"Unakwenda India," alisema, "nchi nzima ile, umechagua makaburi. Halafu unaniambia huumwi."

"Mama, ni ya kifalme."

"Aliyemo ndani anajua?"

Mke wangu aliona heri aingilie, maana Taj yake ilikuwa inaponyoka. Akamweleza mama habari za kalenda ya dukani, na kwamba yule mfalme alimjengea mkewe kwa mapenzi.

"Mke alikufa na nini?"

"Uzazi, mama."

"Wa ngapi?"

"Wa kumi na nne."

Mama alifikiri. "Angempumzisha akiwa hai, asingehangaika kujenga." Kisha akamshika mke wangu mkono. "Wewe nenda ukaione, ni ya kwako. Ila hayo mengine ya huyu siyataki."

Nilidhani tumemaliza. Nilipomsindikiza nje, alisimama barazani. Nyumba yetu ina vidaraja vichache tu vya kushukia uani. Alivishuka, akageuka, akanitazama kutoka chini.

"Baba yako nilijua siku aliposhindwa kupanda baraza," alisema. "Daktari alikuwa hajasema kitu. Alifika kwenye ngazi kama hizi, akashika ukuta, akanitazama, akacheka. Mimi nikajua. Mimi nimekaa India mwezi mzima, mwanangu. Nimeona korido. Sasa wewe kanitafutie huko mahali penye ngazi. Unitumie video unapanda. Usinitumie umekaa, usinitumie umesimama. Unapanda. Hapo nitalala."

Jioni ile ile nilifuta makaburi yote isipokuwa moja, nikaanza upya. Safari hii sikutafuta hoja wala ukoo, nilitafuta ngazi. Nikapata ngome ya Amer, juu ya kilima nje ya Jaipur, ambako watu hupanda kwa miguu kutoka barabarani hadi lango la juu. Ilikuwa inaongeza safari na kupunguza siku ya Delhi, na mnara ambao kila ukurasa uliniambia nisikose, niliukosa hapo hapo bila kuumia. Woga wa kukosa vitu ulikuwa umeondoka. Ukaja mwingine. Mimi ni mtu wa meza na kiti, na sikumbuki mara ya mwisho kupanda kitu kirefu kuliko hizo ngazi za baraza. Je, nikisimama katikati, nikashika ukuta?

Kwa hiyo nikaanza mazoezi. Jirani yetu ana ghorofa ambalo halijaisha, limebaki nguzo na ngazi za zege zisizo na kuta. Nilimwomba ruhusa. Kila asubuhi kabla ya kazi nilipanda na kushuka, wapita njia wakiniuliza kama nataka kulinunua. Mara ya kwanza nilipofika juu, moyo ulikuwa unagonga mpaka masikioni, na niliogopa kwa dhati. Nilisimama kati ya nondo nikimfikiria baba, na kile kicheko chake barazani ambacho mimi sikukiona. Mke wangu, chini, aliita, "Vipi, tukate na tiketi ya kurudi?"

Taj tuliiona. Mke wangu aliitazama kwa muda mrefu, akasema ni ndogo kuliko ya kwenye kalenda, kisha akalia. Amer tulifika asubuhi. Alitangulia na simu akipiga video kwa kurudi nyuma, nami nikapanda, mkono mbali na ukuta, uso nimeulazimisha utulie. Nilifika langoni. Nikaituma hapo hapo, na tukakaa kivulini kusubiri zile alama za ujumbe kusomwa zigeuke buluu.

Zikageuka. Dakika zikapita, mama akiitazama, nadhani mara nyingi. Kisha ukaja ujumbe wake wa sauti.

"Nimeona. Mungu ni mwema." Halafu akapumua, na nikasikia anaisogeza simu karibu na mdomo. "Sasa mbona unahema?"