Nyumba ya Mskoti na herufi niliyoweka juu ya mlango wetu

Wakuu, salaam kutoka Kanyakine. Shule niliacha darasa la pili, kwa hivyo makosa ya kuandika mtavumilia. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu na siongezi chumvi.

Mwaka wa 1954 nilikuwa na miaka kumi na tisa. Hapo ndipo shida ilinikuta.

Nilikuwa nimemuoa Karimi miezi mitatu tu. Emergency ya wakati wa Mau Mau imeshika, askari wakaja wakasema kila mtu ahamie kijiji cha kuzungushiwa mtaro. Nyumba yetu wakaichoma tukiangalia. Nyasi ya hiyo paa Karimi alikuwa ameikata mwenyewe.

Nikamwambia, "Nitakujengea ingine ambayo moto hauwezi."

Akasema, "Jenga kwanza, halafu uongee."

Hayo maneno yalinikaa.

Kutoka kijijini ulihitaji barua ya ruhusa. Mimi nilipata kwa sababu Mskoti mmoja, mzungu wa Uskoti, karibu na sisi alikuwa anajijengea nyumba, akataka watu wa kubeba mawe. Tulimwita Bwana Jiwe. Alikuwa fundi, si mtu wa ofisi. Alitaka nyumba kama za kijiji chao, bila kupunguza kitu.

Sasa sikilizeni hiyo nyumba.

Ukuta futi mbili: mawe nje, mawe ndani, kokoto katikati. Simiti hakutaka, alitumia chokaa, akisema ukuta lazima upumue. Madirisha madogo, maana kwao upepo ni adui. Mlango mfupi. Kuta za pembeni zinapanda kupita paa kama ngazi. Tukamuuliza ngazi ni ya nani, akasema ya kunguru. Tulicheka mpaka nyapara akatufukuza tukachote maji.

Na moto? Eti ndani ya ukuta. Nilipomwambia Karimi alisema, "Hao wanapikia ukuta."

Kitu kilichonimaliza ni jiwe la juu ya mlango. Bwana Jiwe alilichonga J na E. J ni yeye, E ni mke wake, aliyebaki Uskoti akiogopa kuja kwenye vita. Kwao mtu akioa na akijenga anachonga hivyo, nyumba ijulikane ni ya wawili.

Mimi mdomo wangu haujui kunyamaza. Nikamwambia, "Bwana, umekosea. Umeanza na wewe."

"Kwani mwenye nyumba ni nani?"

"Kwetu ni yule anawasha moto."

Akarudi kwenye mawe yake. Kesho yake akanipa patasi na kipande cha jiwe. "Basi chonga ya kwako."

Nikachonga K. Ilitoka imelala kama mbuzi mgonjwa. Akanirudisha. Akanirudisha tena, mpaka ikasimama.

Yule mke wake hakuja. Bwana Jiwe aliishi chini ya hizo herufi mbili peke yake, mpaka Emergency ikaisha akarudi kwao kwa mke. Patasi akaniachia.

Hiyo patasi ndiyo shule yangu. Nilichonga mawe Embu na Meru miaka kumi na moja, na Jumapili jioni najenga yetu. Ukuta futi mbili. Mlango mfupi.

Kosa langu moja: niliweka moto ukutani. Karimi aliwasha mara moja, akatoka akikohoa, akapanga mafiga yake matatu uani. Sikubishana. Nikamjengea jiko lake, moto katikati.

Juu ya mlango nikachonga K kwanza, halafu M, ambayo ni mimi.

Karimi hakuwa amesoma hata siku moja. Akauliza, "Hiyo ya kwanza inasema nini?"

"Inasema wewe."

Akaipitisha kidole polepole, kona kwa kona.

"Haya," akasema. "Sasa unaweza kuongea."

Ndiyo herufi pekee anajua mpaka leo. Macho yamemwisha, lakini kila akitoka anainua mkono anaigusa, ndipo anajua amefika mlangoni.

Nilichojifunza: mwanamke usimpe ahadi, mpe ukuta. Wenye swali la mawe na chokaa, ulizeni. Na wewe unayejenga sasa, tuandikie hapa, herufi ya kwanza mlangoni kwako ni ya nani?

Leo nina ng'ombe wawili, kahawa kidogo, vyumba vinne vya kukodisha mtaa wa Dallas kule Embu, na patasi iliyoisha mpaka ikawa fupi kama kidole.

Nyumba sihesabu. Hiyo ni ya Karimi.