Usimwitikie Mgonjwa

Kuna asubuhi moja naikumbuka mpaka leo, na ningefurahi kuisahau. Nilikuwa konstebo mpya katika kambi ya polisi kule Naguru. Kila siku kabla ya kazi tulipangwa mistari, sajini akasoma majina, na ukisikia lako unajibu, "Afande!" Aliyekosekana alitumiwa mtu chumbani kumtazama. Sisi vijana tulikuwa na mchezo wetu: mwenzako asipokuwepo, unabadilisha sauti na kumwitikia. Tuliuita undugu, wajinga sisi.

Odongo, tuliyelala naye chumba kimoja, alishikwa na homa. Akaniomba nimwitikie apumzike, asije akaandikwa mtoro. Nikamwitikia siku tatu. Kwenye daftari Odongo alikuwa mzima, amesimama mstari wa pili. Kitandani alikuwa anaweweseka, nami nikimwachia kikombe cha chai na kwenda lindo. Siku ya nne hakuamka.

Sajini wetu alikuwa Mnubi mtu mzima, asiyepandisha sauti hata akikasirika. Alisubiri mpaka tukamzika mwenzetu. Asubuhi iliyofuata akasoma majina kama kawaida, akasoma na la Odongo. Akanigeukia mimi.

"Mwitikie," akasema. "Siku tatu uliweza."

Sikuweza. "Afande, sikutaka asumbuliwe," nikasema. Akaniacha nimesimama pale peke yangu mpaka jua likapanda, wenzangu wameshakwenda kazini. Kisha akaja karibu. "Mutu akigonjeka, mwache akose," akaniambia. "Akikosa, watu watamutafuta."

Mwanangu, nimezeeka na maneno hayo. Niliwalea watoto wangu kwa fimbo na kwa methali nyingi, lakini hayo sikuwaambia, kwa aibu. Sasa nayasema, na nayasema kwa hasira, kwa hiyo nivumilie.

Mke wangu Hadija ana presha. Kliniki anakotibiwa walianza utaratibu wa simu: kila asubuhi unaletewa ujumbe unaouliza kama umemeza dawa. Umemeza, bonyeza moja. Hujameza, bonyeza mbili. Hadija hasomi, na kisimu chake kazi yake ni kupiga na kupokea tu, basi walipomtaka namba akatoa ya mwanetu Juma, anayeuza viatu Nateete. Ndivyo tunavyofanya huku kwetu. Mtoto mwenye simu nzuri ndiye simu ya ukoo mzima, na mzazi anaona fahari kuitaja namba yake.

Juma akawa anabonyeza moja. Anafungua duka, moja. Amepakiwa kwenye boda, moja. Kumpigia mama yake amuulize, hapana.

Na Hadija dawa alikuwa ameshaiacha. Ilimvimbisha miguu mpaka kandambili hazimwingii, akaona heri presha asiyoiona kuliko miguu anayoiona. Vidonge alivificha ndani ya kopo la majani ya chai, chini ya nguo zake. Mimi alinificha kwa sababu anamjua mumewe: nina ulimi mkali, nakiri. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua.

Alipokwenda kupimwa, presha ilikuwa juu sana. Musawo, ndivyo tunavyowaita waganga wa hospitali hapa, akafungua kompyuta na kukuta moja, moja, moja, mwezi mzima. Akaamua dawa imeshindwa, akamwongezea nyingine yenye nguvu zaidi. Hadija akaogopa. Akarudi nyumbani akaanza kumeza zote, mpya na za zamani, kwa utii wa mtu aliyetishwa. Siku ya pili presha ikaporomoka, akaanguka jikoni, mkono juu ya sigiri yenye makaa.

Tulimfikisha kliniki akiwa hai, na hilo namshukuru Mungu. Nilimfokea yule musawo kwa nini anampa mtu dawa za kumuua. Akanigeuzia kioo cha kompyuta. "Mzee, angalia hapa. Mama hajakosa hata siku moja," akasema.

Hadija mwenyewe akakiri pale kitandani kwamba dawa alikuwa ameiacha. Nikamwita Juma. Alikuja anahema, nikamuuliza mbele ya mama yake aliyefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko.

"Baba, mimi nilikuwa nafinya tu moja," akasema. "Nilijua anakunywa. Sikutaka wamusumbue."

Nilinyanyua bakora. Wallahi ningemchapa, na ndevu zake zile. Lakini mkono ulibaki hewani, maana neno hilohilo ndilo nililomwambia sajini juu ya Odongo: sikutaka asumbuliwe.

Mpaka leo nina hasira. Nina hasira na Juma aliyemwandika mama yake mzima bila kumtazama. Nina hasira na musawo aliyekiamini kioo, na miguu ya mke wangu ilikuwa palepale chini ya meza yake, imejaa maji, hakuinama kuitazama. Nina hasira na hao waliotengeneza kitu chenye mahali pa ndiyo na pa hapana, wasiweke pa kusema "inanivimbisha." Na nina hasira na mzee mmoja aliyelala kitanda kimoja na Hadija, akakaa na methali zake mdomoni asiulize kwa nini mkewe anatembea peku.

Simu yenyewe siilaani. Jirani yetu mmoja alihamia Namuwongo akiwa kwenye dawa za kifua kikuu. Anabonyeza mwenyewe, na alipokosa siku mbili, watu wa kliniki walimfuata mpaka mlangoni. Walimfuata kwa sababu alikosa.

Hadija alibadilishiwa dawa. Miguu imepungua, kovu la mkono limebaki. Siku hizi Juma anapiga simu kwanza, ndipo abonyeze. Juzi mama yake alimwambia ametapika, hakumeza. Akabonyeza mbili. Kabla ya adhuhuri musawo alikuwa amempigia Hadija mwenyewe kwenye kisimu chake, namba tuliyoiacha kliniki, nami niliketi kando yake nikimsikia akiulizwa taratibu: umekula nini, mama, na miguu je?

Basi, mwanangu, ukikabidhiwa namba ya mgonjwa, umekabidhiwa mtu. Muulize kabla ya kumjibia, na ukiwa mbali mpigie. Kama hakunywa, sema hakunywa, hata akikuomba umfichie, hata ukijua atagombezwa. Na akikwambia dawa inamtesa, usimkaripie kama mimi. Peleka neno hilo kwa anayetibu, na usiondoke hapo mpaka alisikie.

Mungu akujalie uzee, na katika uzee huo akupe watoto wasiokusemea uongo. Na siku jina lako likisomwa nawe huna sauti, awepo anayekupenda wa kunyamaza, ili watu waje kukutafuta.