Ndege wa Kaptula Nyeusi

Mwaka jana nilirudi kijijini kwetu Ihanda kumzika shangazi. Kesho yake asubuhi mpwa wangu alichoma majani makavu shambani, na ule moshi uliponiingia puani, nikaketi palepale kizingitini. Watu wakadhani ni msiba. Kumbe nilikuwa nimerudi utotoni, enzi za Mwingereza, siku ya kuchoma nyika.

Wewe uliyekulia kijijini unaijua siku hiyo. Kiangazi kikishakausha nyasi, wanaume walizitia moto upande mmoja, wakajipanga upande wa pili na marungu na mbwa. Chochote kilichokimbia moto kilikutana nao: panya, sungura, digidigi. Sisi wasichana tulibeba togwa na viazi vya kuchemsha. Mpaka leo nasikia nyasi zikialika motoni, mbwa wakibweka, na ule mlio mfupi wa rungu likitua kwenye mfupa. Damu ilichanganyika na majivu miguuni mwetu, nasi tukicheka. Kwetu ilikuwa sikukuu ya nyama.

Bibi yangu hakukosa kuja. Alikaa juu ya kichuguu pamoja na jirani yetu, Mnamwanga kutoka upande wa Tunduma, aliyekuwa amerudi kutoka vita vya Bama, huko Asia alikopelekwa na Mwingereza. Tangu arudi, jirani hakuua tena hata kuku. Krismasi alimwomba Bibi amchinjie. Nyikani alikuja kunywa togwa na kupiga soga tu. Bibi alikuwa Mnyiha, basi wakaitana mtani, na sikumbuki siku waliyokubaliana juu ya jambo lolote.

Ndipo siku moja ndege wa ajabu akatokea kwenye moshi. Hakuruka, alitembea. Kimo chake kingenifika kifuani. Uso ulikuwa wa rangi ya chungwa, miguu mirefu kama fito, na mapaja yamefunikwa manyoya meusi yaliyokomea magotini. Kisogoni manyoya marefu yalichomoza huku na huku.

"Korongo huyo," Bibi akasema.

"Korongo gani anavaa kaptula?" jirani akamjibu. "Huyo ni karani wa boma, mtani. Huoni kalamu alizochomeka nyuma ya masikio?"

"Karani gani anayefuata moto? Labda ni jogoo wa kwenu Unamwanga. Ndivyo mnavyowafuga, wamekondeana kwa njaa."

"Angekuwa wa kwetu ungekuwa umeshamla, na kucha zake."

Nilicheka hadi nikamwaga togwa. Kabla sijamaliza kucheka, nyoka aina ya fira alichomoka kwenye nyasi zinazowaka, akaja moja kwa moja kichuguuni. Akainua kichwa, akatanua shingo, karibu kabisa na mguu wa Bibi.

Ndege alifika mbio. Alitanua bawa moja mbele kama ngao, fira akaligonga, naye akashusha mguu. Sijaona tena teke kama lile. Lilitua kichwani, likarudi, likarudi tena. Nyoka alijiviringisha akipigwa mpaka kichwa kikapondeka kama uji, kisha akamezwa mkia ukiwa bado unatikisika.

"Nilikwambia," Bibi alisema, akivuta miguu yake juu. "Korongo."

Lakini wanaume walikuwa wamemwona ndege, hawakumwona fira. Macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi, na damu ya asubuhi nzima ilikuwa imewapanda kichwani. Walikuja wakipiga kelele, "Nyama! Nyama kubwa!" Mbwa wa kwanza alipigwa teke la jicho, akabingirika akilia. Wa pili akalikamata bawa. Jirani akaruka kutoka kichuguuni, akamng'oa yule mbwa kwa shingo, akasimama katikati, mikono juu.

"Mwacheni! Ameokoa mtu!"

Hakuna aliyesikia. Rungu lilikuwa limeshainuliwa, likashuka. Nikausikia mkono wa jirani ukivunjika, mlio uleule niliousikia tangu asubuhi, na safari hii sikucheka. Ndege alikimbia akiburuta bawa, akapotelea kwenye moshi.

Aliyepiga alikuwa mjomba wangu. Aliangusha rungu, akapiga magoti kwenye majivu, akalia kama mtoto. Msimu ule mzima alimlimia jirani shamba lake kabla ya kugusa la kwake.

Bibi aliufunga mkono ule kwa vipande vya mwanzi na kamba za magome, huku akifoka na machozi yakimtoka. "Mkono mzima, mtani! Kwa ajili ya korongo!"

"Karani," alisema jirani, ameuma meno.

Mkono ulipona ukiwa kombo. Wale wawili walibishana juu ya ndege yule miaka yote, shambani, kanisani, hata mbele ya wageni, mpaka jirani alipofariki. Siku hizi nyika yote ni mibuni na nyumba za mabati. Mpwa wangu hajawahi kumwona ndege wa namna ile, na nilipomweleza aliniangalia kwa huruma.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya jirani. Alilima, alipika, alituchapa tulipostahili. Ila jioni moja alisema jambo fulani pale jikoni, sote tukaitikia, "Ndiyo, Bibi." Akatutazama mmoja mmoja, akingoja wa kumbishia. Kisha akainama kuchochea moto.