Barua ya Usinitafute

Siku niliyoziacha pantoni tatu zinipite pale Kivukoni naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimevaa baibui jipya, begi miguuni, nimekaa mahali ambapo mtu yeyote anayetoka mjini angeniona. Pantoni ya kwanza ikajaa, ikaondoka. Ya pili vilevile. Mkata tiketi akaniuliza, "Dada, unavuka au umekuja kupunga upepo?" Nikamwambia namsubiri mtu. Na kweli nilikuwa namsubiri mume wangu aje mbio, jasho likimtoka, anizuie nisivuke. Hakuja. Ilipofika ya nne nikapanda, maana hata aibu ina kiwango chake.

Ngoja nikueleze wazo lile lilikotoka. Tulikuwa tukikaa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, mimi na mume wangu Hamisi, vyumba viwili katika nyumba ya wapangaji. Hamisi alikuwa karani bandarini. Kazi yake ilikuwa kulinganisha mzigo na karatasi, na kwake yeye kilichoandikwa ndicho kilichopo. Alikuwa mtu mwema, sitamsingizia. Lakini maneno hakuwa nayo. Akirudi anasalimia, anakula, anasema "ahsante, mke wangu," anafungulia redio. Ulipofika mwaka wa tatu nikaanza kuona kama ninaishi na jirani mstaarabu.

Jumapili mchana wanawake wa nyumba ile tulikusanyika chumbani kwa Mama Zuhura, ambaye alikuwa na deki ya video. Kaka yake, Sudi, alifanya kazi katika duka la kuazimisha mikanda ya video Mtaa wa Kongo, na kila wiki alituletea picha za mapenzi. Si za wasichana na wavulana. Zile za watu wazima waliokwisha kuoana, wanaogombana, wanaokuchekesha, kisha wanakuliza, kisha wanarudiana. Sudi ndiye aliyeshika rimoti na ndiye aliyetutafsiria. Steringi, yule mhusika mkuu, na mkewe wakibusiana, Sudi anapeleka mbele, kwa heshima ya bibi yake aliyekuwa amekaa mkekani pamoja nasi. Wakikaa wakazungumza, anapeleka mbele vilevile. "Hapa wanapiga stori tu," alikuwa akisema, "hamna kitu." Hivyo picha ya saa mbili tuliimaliza kwa dakika hamsini, na ndani ya dakika hizo tuliona ugomvi, barua na mbio.

Picha moja iliniingia sana. Mume ni mwoka mikate, mke amechoshwa na ukimya wake. Mke anaacha barua mezani, "Usinitafute," anakwenda kituo cha basi. Mume anaisoma, anatoka mbio na unga mikononi, anamkuta mkewe mguu mmoja uko chini na mwingine umekwisha panda. Tulilia chumba kizima, hata bibi.

Juma lile nikanunua kanga yenye jina la kumlalamikia mume asiyesema, nikamvalia Hamisi. Akaisoma neno kwa neno, akaniambia rangi imenikaa vizuri. Nikaona basi. Jumamosi alipokwenda kazini nikachukua karatasi, nikaandika neno lile lile la kwenye picha, nikaiweka chini ya kopo la sukari.

Sasa, mwanangu, kwetu pwani mke mwenye dukuduku ana milango yake. Anaweza kwenda kwa somo wake aliyemfunda, au kwa mshenga aliyeipeleka posa, maana kazi ya mshenga haiishi siku ya harusi. Mshenga wetu, Mzee Kombo, alikuwa na duka la viungo mtaa wa pili. Nilimpita mlangoni pake na begi langu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikaendelea na safari. Katika ile picha hapakuwa na mshenga.

Kigamboni nilifikia kwa shangazi yangu, Bi Mwanahawa. Nikamwambia nimekuja kumsalimia. Akafurahi, akanipa godoro. Kila siku alasiri nilijipaka wanja, nikakaa barazani kuangalia njia ya kutoka kivukoni. Siku tatu, siku saba, siku kumi na mbili. Kwanza nilimkasirikia Hamisi kwa kuchelewa. Kisha nikamchukia. Halafu, nakwambia kweli, nikaanza kujililia mwenyewe, na bado sikufungua kinywa.

Siku ya kumi na tisa shangazi aliweka chini ungo wake wa mchele. "Mwanangu, mtu wa kusalimia hakai siku kumi na tisa. Una nini?"

Nikamweleza yote, na barua, na mwoka mikate. Hakucheka. Aliuliza tena ile barua ilisemaje, nikairudia.

"Kumbe umemwandikia asikutafute," akasema, "sasa unamnunia kwa kukutii? Moyo wa mwenzio ni msitu, na wewe umeingia humo ukazima taa. Mficha uchi hazai, binti yangu. Vaa twende kwa mshenga."

Ilikuwa Jumatano. Mzee Kombo alitupokea kwa uso uliokunjamana. Alisema Hamisi alimjia tangu wiki ya kwanza. Barua anayo katika mfuko wa shati, anakwenda nayo kazini na kurudi nayo. Wenzake wa bandarini wamemwambia mke anayeandika hivyo amekwisha pata kwingine. Naye ameamua kwamba ikifika Ijumaa pasipo neno lolote kutoka kwangu, ataandika talaka, mshenga aipeleke kwetu kwa heshima. Nilikaa chini pale pale kati ya magunia ya pilipili manga. Sikuwahi kuogopa namna ile, na sijaogopa hivyo tena.

Alhamisi tulikutanishwa nyumbani kwa Mzee Kombo. Hamisi aliitoa barua, akainyoosha mbele yangu. "Mwandiko huu ni wako?"

"Wangu."

"Basi kosa langu liko wapi?"

Nikamwambia nilitaka anitafute. Nikamwambia nyumba ile ilikuwa kimya mno, na mimi nilikuwa nakufa kwa ukimya. Yalikuwa maneno mawili matatu tu. Ningeweza kuyasema jikoni kwetu miezi mingi kabla.

Aliikunja ile barua. Kisha akasema, "Siku ya pili nilifika Feri, pale pale Kivukoni. Nikaisoma tena. Nikaona nikivuka nitakuwa nimekudharau."

Nililia mbele ya wazee bila kujali. Mzee Kombo naye hakumwacha mume wangu hivi hivi. "Hamisi," alimwambia, "mke si mzigo wa melini, kwamba ukisoma karatasi umemaliza. Muulize." Tangu siku hiyo, kila akirudi kazini, Hamisi aliniuliza, kwa sauti ile ile ya karani, "Leo moyoni kuna nini?" Mwanzoni nilikuwa nacheka. Baadaye sikuweza kula kabla hajaniuliza.

Mwaka juzi mjukuu wangu Rehema aliipata ile picha ya mwoka mikate kwenye simu yake. Tukaitazama yote, bila Sudi. Nikashangaa. Kabla ya zile mbio, mume na mke wanakaa mezani muda mrefu, na mume anasema anaogopa kumuuliza mkewe swali kwa sababu atajibiwa. Baada ya barua anakwenda kwa dada yake, anakiri kosa lake kwa unyonge, na huko nako unacheka huku machozi yanakulenga. Sisi tulivitupa vile vyote, tukabaki na miguu ya mtu anayekimbia.

Kwa hiyo sizipondi picha hizi, wala sikukatazi kuzitazama. Zina jema lake. Zinaonyesha kwamba mtu mzima mwenye ndevu na watoto bado huogopa neno dogo, na zinakufanya ujicheke mwenyewe bila mtu kukuaibisha. Wengi wetu hatuna mahali pengine pa kujiona hivyo. Lakini zina udhaifu, nao nimeulipia mimi. Huzuni ikikaribia kuwa nzito, mara kichekesho kinaletwa kuiondoa. Anayekimbia sana ndiye anayesamehewa, hata kama hajabadilika. Mawifi hawamo, mshenga hayumo, na wakikumbatiana tu majina yanapanda, wala huoni Jumatatu yao. Nyumba njema si mlango. Picha hizi nyingi hukuonyesha mlango uliopakwa rangi.

Hamisi amefariki. Tulikaa miaka ishirini na minane. Watu hunifariji kwamba ni mingi, nami naitikia. Ila zile siku kumi na tisa ninazitaka. Nilimnyima siku hizo mtu ambaye angekuja kama ningemwambia njoo, na hilo linaniuma mpaka leo.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Tazama picha, cheka, lia, lakini usipeleke mbele pale wanapozungumza, wala kwenye simu yako wala nyumbani kwako. Ukitaka kutafutwa, sema nitafute. Na ukiandikiwa usinitafute na mtu unayempenda, vuka ukaulize. Ukirudishwa, utarudi unajua. Mungu akupe mwenza anayeuliza, akupe na ulimi wa kumjibu, na siku zenu zote mzipate pamoja bila kukosa hata moja. Amina.