Karatasi ya Ofisini

Ni Jumatatu, tarehe 12 Mei 2025, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mvua imekatika muda si mrefu, na maji bado yanadondoka kutoka kwenye paa la bati la yadi ya malori. Dereva mwenye umri wa miaka hamsini na saba analizunguka lori lake kwa miguu, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano iliyomponyoka.

Anainama kutazama kama kuna tone la mafuta chini ya injini. Anachomoa kijiti cha kupimia oili, anakipangusa, anakirudisha, anakichomoa tena. Anagonga kila tairi kwa rungu fupi na kusikiliza mlio wake. Magurudumu ya nyuma yamezuiwa kwa vigingi vya mbao, na vigingi hivyo haviondolewi mpaka kazi yote hii imalizike.

Ndipo anapopanda. Anazungusha ufunguo nusu na kuuacha hapo. Taa ndogo ya rangi ya machungwa inawaka mbele yake.

"Hapa injini inapashwa joto," anaeleza. "Dizeli haina cheche kama petroli. Inawaka kwa kubanwa na kwa joto. Asubuhi ya baridi ukiilazimisha, utaua betri na stata siku moja, halafu utasingizia mvua."

Taa inazimika. Anawasha. Injini inakohoa mara mbili, inatoa moshi mweupe, kisha ngurumo yake inatulia. Hakanyagi mafuta. Hagusi gia. Anatazama geji ya upepo, kwa kuwa breki za lori kubwa husukumwa na upepo, na upepo huo hujazwa na injini yenyewe, lori likiwa bado limesimama. Mshale unapanda kwa uvivu.

Dereva wa lori la jirani anachungulia dirishani. "Mzee Upepo! Bado tu? Unachemsha mawe humo ndani?"

"Tangulia, mwanangu. Makaburini hakuna foleni."

Yadi nzima inacheka. Jina hilo la Mzee Upepo amelizoea. Kila asubuhi huwasubirisha wenzake dakika saba au nane, na mshale ukishafika mahali pake hawaoni sababu ya kuendelea kusubiri. Yeye haondoki. Anachukua fimbo aliyoikata kwa kipimo, anaibana kati ya kiti na kikanyagio cha breki, kisha anashuka na kulala chali kwenye matope. Anakagua gurudumu moja baada ya jingine, ili auone kwa macho yake mkono wa breki, kile chuma cha gurudumuni, ukiwa umevutwa.

"Geji inakwambia upepo upo," anasema akijipangusa mgongo. "Haikwambii umefika wapi."

Wanaomtania hawajui alikoipata sentensi hiyo. Ilimgharimu shemeji yake mguu, na fundi mmoja kazi yake.

Ameendesha malori kwa miaka thelathini na mmoja, na ishirini na tisa kati ya hiyo ameendesha bila kujua kusoma. Alitolewa shule akiwa darasa la pili, baba yake alipougua. Mtihani wa leseni aliufanya kwa mdomo. Alama za barabarani alizikariri kwa umbo na rangi, na miji aliitambua kwa urefu wa majina yake. "Herufi ya M niliiita mlima," anasema. "Nikiona mlima mwanzoni na yai mwishoni, najua nimefika."

Fomu ya ukaguzi wa gari ilikuwa na mistari kumi na miwili. Kila asubuhi aliweka alama ya vema mara kumi na mbili, akatia saini aliyofundishwa na mkewe, akairudisha kwa karani. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Yadi hiyo ilikuwa na fundi ambaye wenzake walimwita Penseli, kwa sababu hakuachana na penseli nyekundu aliyoichomeka nyuma ya sikio. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, mwenye kupiga mluzi akiwa chini ya gari, na alikuwa na desturi moja: kila alichokifanya alikiandika. Vipuri vinavyohitajika aliviandika kwenye karatasi, akaibandika kwenye usukani, na dereva akaipeleka ofisini. Mzee Upepo alikwisha kupeleka karatasi hizo zaidi ya mara mia moja. Kwake, karatasi kwenye usukani ilikuwa na maana moja tu.

Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, mwaka 2014, aliikuta nyingine. Ofisi ilikuwa bado imefungwa. Lori lilikuwa na tani kumi na mbili za saruji, na shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa utingo wake, alikwisha kukaa kitini. Shemeji huyo alikuwa amemaliza darasa la saba.

"Hiyo nini, shemeji?" akauliza.

"Ya ofisini."

"Lete nione."

"Nimekwambia ya ofisini. Wewe umekuwa karani lini?"

"Haya, bosi," shemeji akacheka. "Nisije nikakupunguzia cheo."

Dereva akaikunja mara nne, akaitia ndani ya jalada la leseni.

"Angenyoosha mkono tu," anasema sasa, akiutazama mkono wake mwenyewe. "Hapana. Ningenyoosha mimi. Karatasi ilikuwa kwangu."

Waliondoka. Geji ilionyesha upepo umejaa. Kwenye tambarare lori lilikuwa likivuta kidogo upande wa kulia kila alipogusa breki. Akasema moyoni ni tairi. Kule juu, panapoanza mteremko mrefu, palikuwa na kibao cha njano chenye maneno matatu. Alikipita kibao hicho kwa miaka mingi akikijua kwa rangi yake. Siku hiyo walikuwa wamechelewa, akauanza mteremko kwa gia nyepesi, ile ya mwendo kasi, akitegemea breki.

Madereva wana kanuni yao: mlima ushuke kwa gia uliyoupandia, na gia hiyo uichague ukiwa bado juu. Katikati ya mteremko breki zilianza kunuka. Kisha kikanyagio kikawa kama kanyagio la cherehani, kinakwenda na hakishoni. Akajaribu kurudisha gia, ikakataa. Kwa kuwa kona ya chini ilikuwa na watu, aliligonga lori kwenye ukingo wa udongo wa upande wa kushoto, upande aliokaa shemeji.

Yeye alitoka na mchubuko wa kiwiko. Shemeji alikatwa mguu chini ya goti.

Siku ya tisa baada ya ajali, wakuu wa kampuni walikaa kikao. Fundi Penseli alisimama. "Niliandika!" alisema. "Niliandika kwa mkono wangu, nikabandika kwenye usukani. Niliandika!"

Mkuu wa usafirishaji akamgeukia dereva. "Uliiona karatasi?"

"Sikuiona."

Fundi akafukuzwa kazi papo hapo. Alimtazama dereva mara moja, akaenda kuchukua sanduku lake la vifaa, akaliweka begani na kutoka getini. Mluzi wake haukusikika tena katika yadi ile.

Akiulizwa kama siku hiyo alijua kilichokuwa kimeandikwa, Mzee Upepo anajipangusa tope mikononi. Injini inanguruma taratibu. "Sikujua imeandikwa nini," anajibu. "Lakini nilijua."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu huyo dereva amemlea kwa zaidi ya miaka kumi. Leseni aliibadilisha mara mbili, jalada likawa lile lile, na karatasi ikabaki ndani yake. Hakuitupa, na hakumpa mtu aisome. Shemeji, ambaye sasa anashona viatu barazani kwake, aliendelea kumkaribisha kila Jumapili kwa utani: "Shemeji yangu, mimi nimebarikiwa. Jozi moja navaa miaka miwili, kwanza cha kulia, halafu cha kushoto nakigeuza!" Watu walicheka. Dereva alicheka pamoja nao, kisha akasingizia kwenda kunawa.

Mkewe ndiye aliyemwandikisha katika darasa la watu wazima mwaka 2023. Lilikuwa likifanyika Jumamosi alasiri katika chumba cha shule ya msingi, kwenye madawati ambayo magoti yake hayakuingia. Alikataa. Mkewe akamwambia, "Baba watoto, mficha uchi hazai. Miaka yote hii unashika gazeti mbele za watu, na siku moja lilikuwa kichwa chini. Nani alicheka? Mimi nililia."

Alikwenda. Mwalimu, binti aliyelingana na mtoto wake wa tatu, alimwita "baba" na hakumwonea huruma katika imla. Mwaka wa pili, akiwa juu ya mteremko ule ule, macho yake yalikiangukia kibao cha njano na maneno yakamjia yenyewe: TUMIA GIA NZITO. Aliegesha kando, akaweka vigingi, akakaa chini kwenye majani. Kibao kile kilikuwa kikisema naye tangu zamani.

Jumapili iliyofuata, mwezi wa Februari mwaka huu, alijifungia ndani ya lori akaikunjua karatasi. Mikunjo ilikuwa imetoboka. Alifuata herufi kwa kidole, silabi kwa silabi, na kazi hiyo ilimchukua karibu saa nzima:

USITEREMKE NA MZIGO. BREKI YA NYUMA KUSHOTO NIMEIZIBA UPEPO, HAIFANYI KAZI. GEJI ITAKUDANGANYA. KIFAA JUMATATU.

Alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake. Alisimama barazani, akaisoma kwa sauti kama mwanafunzi mbele ya ubao, akikwama kwenye neno *nimeiziba*. Shemeji alikuwa na kiatu cha mtu mapajani. Sindano ilisimama.

"Rudia," akasema.

Akarudia.

"Ndiyo ile niliyokwambia lete nione?"

"Ndiyo hiyo, shemeji."

Shemeji alikata uzi kwa meno, akakiweka kiatu chini. "Mguu huu niliusamehe zamani," alisema. "Nilijua ni wa Mungu, nikasema, Mungu hadaiwi. Kumbe ulikuwa wa ofisini."

Dereva alipiga magoti. Shemeji hakumwinua, wala hakumfukuza. Aliuliza swali ambalo dereva hakulitarajia. "Na Penseli?"

"Penseli nini?"

"Alikuja hospitali, hujui? Mara mbili. Aliniapia kwamba aliandika. Mimi nikamwambia, toka mbele yangu, muongo wewe. Nilimfukuza na mguu wangu bado una bandeji." Akaokota sindano yake. "Mimi na wewe ni ndugu, tutajua la kufanya. Lakini barazani kwangu usikae mpaka umtafute yule mtu. Nikimkosa yeye, na wewe nimekukosa."

Tangu siku hiyo Jumapili kumi na moja zimepita, na kiti cha dereva barazani kwa shemeji kimewekewa ndoo ya maji ya kulainishia ngozi. Mkewe huenda kwa kaka yake peke yake. "Siwezi kumlaumu hata mmoja," anasema. "Mume wangu nilimwandikisha mimi. Sikujua kwamba herufi zina deni."

Dereva amejaribu. Aliandika barua kwa kampuni kwa mkono wake, mistari sita, akikiri kwamba karatasi aliiona na kwamba fundi hakusema uongo. Mkuu wa sasa, ambaye hakuwapo wakati ule, aliisoma, akaiweka kwenye jalada na kumwonya. Jalada la fundi lilikuwa na jina lake na namba ya simu isiyopatikana. Amemuulizia katika gereji ishirini na sita alizopita safarini. Wengine walimkumbuka, hakuna aliyejua alikoelekea.

Ndani ya yadi kuna jambo moja limebadilika. Gari likiwa na kasoro, fundi hufunga kitambaa chekundu kwenye usukani na kuondoka na ufunguo, na dereva haupewi mpaka aambiwe kwa mdomo na arudie kwa mdomo wake. Wazo hilo ni la Mzee Upepo. "Karatasi ibaki," anasema, "lakini isiachwe peke yake. Na asiyejua kusoma aseme, sijui. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni ule niliouita *ya ofisini*."

Mshale umefika. Mikono yote minne ya breki imeonekana. Anaondoa vigingi, anavitia nyuma ya kiti, anaachia breki ya mkono, na upepo unatoka kwa pumzi moja ndefu. Leo anapeleka mabomba, na njiani kuna miji miwili ambayo hajawahi kuuliza gereji zake.

Anachokitaka ni kidogo. Anataka amkute fundi huyo akiwa hai, aisome karatasi mbele yake bila kukwama, kisha ampeleke barazani kwa shemeji, wakae watatu.

Basi wewe uliyesoma hadi hapa, usiikunje simulizi hii. Mpe mwenzako, na asiyejua kusoma, msomee. Ipite gereji kwa gereji, yadi kwa yadi. Na siku utakapomsikia fundi wa mkono wa kushoto akipiga mluzi chini ya gari, penseli nyekundu nyuma ya sikio, mwambie kwamba aliandika, na kwamba imesomwa.