Mapema Ni Lini

Mtoto akinijibu upesi darasani, mimi humtilia shaka. Nimefundisha Migori mpaka nywele zikawa nyeupe, na wanafunzi wangu walinisema sana: yule mwalimu ana hasira, hata ukipata jibu anakurudia, "Haya, na maana yake?" Waseme tu. Mimi mwenyewe nilikuwa mtoto wa kujibu upesi, na najua yaliyonipata.

Nilizaliwa karibu na Kosele. Nilipokuwa mwanafunzi, uhuru ulikuwa umekuja juzijuzi, na shuleni kwetu tukaletewa mwalimu Mkuria kutoka upande wa Isebania. Dholuo, lugha yetu ya nyumbani, hakujua zaidi ya salamu, na sisi Kiingereza chake tulikuwa tunakiimba tu. Akiuliza swali, darasa zima linapaza sauti, jibu sahihi kabisa, mpaka kuku wa jirani wanakimbia. Mwalimu mwingine angefurahi. Yeye alikuna kichwa. Alisema hawezi kujua kama tumeelewa au tumemeza, maana mtu humeza hata mbegu ya chungwa.

Basi akabuni mtihani wake mwenyewe. Kila akimaliza somo kubwa, ilitubidi tukamfundishe mtu nyumbani, kwa lugha ya nyumbani. Siku ya soko ikifika anakuja Kosele, anapita katikati ya mama zetu waliokaa na mboga na viazi vitamu, anawauliza kwa Kiswahili cha soko, "Mama, mtoto alikufundisha nini?" Jameni, tulitetemeka! Mama mmoja alimjibu kwamba kijana wake alimwambia dunia inazunguka jua, naye akamwambia izunguke tu, bora kuni zifike. Soko zima likacheka, na kijana akapewa sufuri. Kama mama hakuelewa, mtoto hakuelewa. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya mwalimu.

Mama yangu aliuza samaki wa kukausha. Mwaka huo alianza kukonda. Gauni lake la kanisani lilimning'inia, na kikohozi kilikuwa kimehamia kwetu kama mgeni asiyejua kuaga. Baba alikuwa Kericho, kwenye majani chai. Pale nyumbani kila mtu alijua kinachomla mama: chira. Kwetu chira ni ugonjwa unaomkausha aliyevunja mwiko, na mama alikuwa ameuvunja. Mvua ilipowahi, alipanda mahindi yake kabla nyanya yangu, mama mkwe wake, hajapanda. Mke wa mwana hatangulii kupanda. Basi akanyweshwa manyasi, mitishamba ya kuondoa mwiko, nasi tukangoja anenepe. Hakuna aliyemtakia mabaya. Nyanya mwenyewe ndiye aliyeichimba ile mizizi, magoti chini, huku akimuombea.

Ndipo mwalimu akatufundisha kifua kikuu. Alichora mapafu ubaoni, nasi tukaimba dalili: kikohozi kisichoisha, kukonda, jasho la usiku, damu kwenye makohozi. Mimi niliimba kuliko wote. Kwangu huo ulikuwa ugonjwa wa shuleni, wenye jina la Kiingereza na picha ya chaki. Wa mama ulikuwa wa nyumbani, una jina lake na dawa yake. Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kukutana.

Jioni hiyo nilimkuta mama jikoni akisonga ugali, nikasimama wima mlangoni, mikono nyuma, nikamfundisha. Nilimpa dalili zote kwa Dholuo, kwa wimbo uleule wa darasani. Nilipofika kwenye damu, mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Hiyo damu," akauliza polepole, "ni nyingi au ni kidogo?"

"Mwalimu hakusema."

"Na anayelala naye kitanda kimoja?"

"Anaambukizwa!" nikasema kwa furaha, maana hilo nililijua. "Hata kwa kikombe. Hata akimkoholea tu."

"Dawa iko?"

"Iko. Hospitali. Lakini lazima aende mapema."

"Mapema ni lini, nyathina?"

Nyathina ni mwanangu. Nikamwambia mwalimu hajafika hapo. Akaendelea kusonga, na ugali ukaungua chini, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa mama yangu.

Kuanzia siku hiyo alibadilika. Mkeka wangu uliokuwa kando ya kitanda chake aliukunja, akanipeleka kulala kwa nyanya. Akajichagulia kikombe kimoja cha bati, kile chenye kovu mdomoni, akakitundika msumari wa peke yake. Nikimsogelea, anageuza uso ukutani. Nikimpa mkono, anasema nenda kachote maji. Yawa, nilivimba! Nilidhani amechukizwa na mtoto aliyethubutu kumfundisha mamake. Nililia kwa nyanya kwamba mama hanitaki tena, na nyanya akanituliza, akasema chira humharibu mtu hata tabia.

Siku ya soko nilijipenyeza karibu na samaki wake, nikingoja alama zangu. Mwalimu akafika, kofia mkononi.

"Mama, habari ya biashara? Mtoto alikufundisha nini?"

Mama akamwambia. Sijawahi kusikia mtu akijibu vile. Hakuimba. Alisema kikohozi hakiishi, hata manyasi hakisikii. Alisema jasho la usiku linalowesha shuka mpaka unadhani umejikojolea. Alisema damu inaanza kidogo, nyuzi tu, unaweza kujidanganya kuwa ni meno. Alisema vyombo vitengwe, na mtoto asilale karibu, hata kama analia. Mwalimu alikuwa akitabasamu na kutikisa kichwa kwa kukubali. Akanigeukia, akanipiga bega. "Mia kwa mia! Umefundisha vizuri sana!"

Nikachekelea mpaka masikioni.

"Mwalimu," mama akasema, "mtoto hakujua kitu kimoja. Mapema ni lini?"

Hapo ndipo mwalimu alipomtazama mama mwenyewe, na siyo jibu lake. Aliona mifupa ya shingo. Aliona leso aliyoifumbata mkononi. Tabasamu lilimtoka usoni, na mimi, niliyekuwa nikimtazama yeye ili nisifiwe tena, nikaona lilivyotoka. Nikageuka kumtazama mama. Nilikuwa nimeishi naye miaka yangu yote, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona.

"Twende leo," mwalimu akasema. "Sasa hivi, mama."

"Wacha kwanza niuze hawa samaki."

Mwalimu alivuta jamvi, samaki na yote, akalikabidhi kwa jirani wa mama pale sokoni. Alipata lori lililokuwa likielekea Kendu Bay, akawaomba wampakie mama mbele kwa dereva. Nilitaka kumkumbatia mama. Akanionyesha kiganja, kaa hapo hapo, na safari hii nilijua kwa nini.

Hospitali ilimpokea, ikampa sindano. Nyanya alinipeleka mara chache. Tulisimama nje ya dirisha, naye mama akawa anatuuliza habari za mbuzi na za shule kutoka kitanda cha mwisho. Nilikuwa na mengi ya kumwambia ila dirisha lilikuwa mbali na watu walikuwa wengi. Alikufa kabla ya yale mahindi yake kuvunwa.

Matangani wazee walisema sikio la kufa halisikii dawa. Mpaka leo methali hiyo inanipandisha moto. Sikio gani hilo? Mama yangu alisikia! Katika boma zima, na mimi na uhodari wangu nikiwemo, yeye peke yake ndiye aliyesikia, na mtoto mmoja aliyekuwa akilala kando ya kitanda chake hakupata hata kikohozi.

Mwisho wa mwaka tulifanya mtihani wa kuandika. Maswali yalitungwa na kusahihishwa na mwalimu wa shule nyingine, kama ilivyokuwa desturi, kwa hiyo aliyeuliza swali lile hakujua anamuuliza nani: taja dalili nne za kifua kikuu. Wenzangu waliandika mbiombio, midomo ikichezacheza na ule wimbo. Mimi niliishika kalamu. Nilikiona kikombe kwenye msumari. Niliuona uso wa mama ukigeukia ukutani. Kengele ikalia, na mahali pale palikuwa peupe.

Nilipata sufuri katika swali hilo, nikawa wa pili. Nyanya, aliyezoea niwe wa kwanza, akaniuliza kumetokea nini. Nikamwambia kulikuwa na swali moja ambalo sikujua kulijibu.