Bi Reki na Mzazi wa Chini ya Milango

Umande haujakauka, na Bi Reki amepiga magoti kwenye tuta la maharage, mikono kichwani kama mfiwa. Miche ya mwanzo wa tuta imebaki vijiti. Kila shina limekatwa mshazari, safi, utadhani kwa wembe. Pembeni kuna vipunje vya kinyesi, mviringo kama mbaazi kavu.

"Kula amekula," anasema bila kuinua macho. "Lakini lazima na risiti aniachie?"

Jina la Bi Reki alipewa na watu wa mtaa, maana haonekani bila reki begani. Anatunza nyua za watu tangu binti yake akiwa mgongoni. Leo binti huyo naye ana mtoto wake. Ua huu wa mkunga mstaafu ndio mkubwa kuliko zote anazohudumia, na ndio unaompa nusu ya kipato chake.

Ndiyo maana sungura wamemfika shingoni. Kijana mkubwa wa mkunga amechoka kusikia habari za bustani isiyovunwa. Amesema akija mwisho wa mwezi akakuta matuta matupu, anaumwagia ua wote zege apate pa kuegesha magari.

"Zege halipaliliwi," anasema Bi Reki. "Halimwagiliwi. Mimi nitakuja kufanya nini, kulipangusa vumbi?"

Sungura wenyewe walikuwa wa jirani aliyehama akaacha vizimba wazi. Tangu hapo mtaa mzima ni shamba lao.

Bi Reki hakukaa bure. Alinyunyizia miche pilipili ya unga, mvua ikaiosha. Akaomba nywele kwa kinyozi, azitandaze mitaroni wasikie harufu ya mtu. Haukupita muda nywele hazipo, naye akaulaumu upepo. Akasimamisha sanamu lililovaa koti. Adhuhuri akamkuta sungura amejipumzisha kwenye kivuli chake.

"Hadithini tulikuwa tunamshangilia sungura," anasema. "Tulikuwa watoto. Hatukuwa na maharage."

Wiki iliyopita akaamua kumaliza maneno. Akauzungushia ua wote wavu wa kuku, akaufukia shubiri nzima ardhini na kuukunja kwa nje, ili mchimbaji akutane na waya. Fundi viatu anayekaa getini alimwambia hata jela haina uzio wa namna ile.

Na bado, asubuhi hii, maharage yameliwa.

Anaufuata wavu hatua kwa hatua, ameinama, mkono kiunoni. Hakuna tundu. Karibu na jiko anasimama. Udongo umeparuliwa, ila umeparuliwa kwa ndani. Huyu hakuwa akiingia. Alikuwa akitafuta pa kutokea.

Taratibu anageukia rundo la milango mikuukuu nyuma ya jiko, ambalo mkunga hataki litupwe kwa kuwa "itakuja kufaa". Anainua mlango upande mmoja. Kwenye majani makavu na manyoya, yaliyochanganyika na nywele za kinyozi, vimelala vitoto vyekundu, macho hayajafumbuka. Mama yao amejibanza ndani kabisa, anahema.

"Nimemfungia mwizi pamoja na chakula chake," anasema Bi Reki.

Fundi viatu amekwisha sogea kuchungulia. "Dada, wahenga walisema kikulacho…"

"Malizia, uone reki hii inavyofanya kazi."

Mkunga anatoka jikoni na kikombe cha chai. "Usiwaguse, mwanangu."

"Mama, huyu ndiye anayetumaliza. Mwanao anakuja na zege."

"Nimekaa wodini mpaka nywele zikabadilika rangi. Sijafukuza mzazi hata mmoja."

"Hao wazazi walikuwa wanakula maharage yako?"

"Wengine walikuwa wananitukana. Funika mlango."

Basi kutwa nzima Bi Reki anafanya kazi ya wiki iliyopita kinyumenyume. Kipande cha wavu kilichobaki anakizungushia rundo la milango. Anapanda mbegu upya palipoliwa, anasimika miti na kufunga kamba. Maharage haya ni mepesi kuota, anasema, na yakishaishika kamba hayarudi nyuma. Vitoto vikianza kujilia vyenyewe, mwalimu wa shule ya jirani, ambaye anafuga, amekubali kuvichukua pamoja na mama yao.

"Huyo kijana akija akute kijani hapa," anasema. "Mtu hamwagi zege juu ya mboga ya mama yake. Atathubutu?"

Magugu aliyong'oa, ambayo siku zote huyatupa, leo anayakusanya kwa kukumbatia na kuyadondosha ndani ya wavu.

"Kula hayo," anamwambia sungura. "Mimi sikuzaa nawe."

Dirishani inasikika sauti ya mkunga: "Mwanangu, mzazi umempa maji?"

Bi Reki anafumba macho kidogo. Kisha anachukua kopo.